Mahali pa Kufikia Mji Mkongwe Ukiwa na Watoto Wadogo

Wazazi wengi wanaopanga kwenda Unguja huchagua mahali pa kufikia kwa kutazama picha: mlango wa nakshi wenye njumu za shaba, samadari iliyotandikwa shuka nyeupe, paa lenye mito ya kuegemea na jahazi likipita kwa mbali. Picha hizo ni za kweli na nyumba hizo ni nzuri. Lakini ni nadra kuona picha ya ngazi. Ni nadra pia kuona picha ya dirisha la ghorofa ya tatu linaloanzia usawa wa goti la mtu mzima, ya kichochoro ambacho teksi haiingii, au ya tangi la maji. Watu wazima wawili wanaweza kuyavumilia hayo yote. Familia yenye mtoto anayetambaa na mwingine anayekimbia itaishi nayo usiku na mchana.

Mji Mkongwe wenyewe umejaa watoto. Jioni, ndani ya Kiponda au Sokomuhogo, utawakuta wakicheza mpira kwenye uwazi mdogo kati ya nyumba, wakitumwa dukani, wakirudi chuoni na juzuu mkononi. Mji unawajua watoto na unawapenda. Kazi inayobaki ni kupata nyumba itakayomwacha mtoto wako aufurahie, bila wewe kugeuka mlinzi wa ngazi kutwa nzima. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: chagua nyumba kwa kufuata mwili wa mtoto, yaani hatua zake, usingizi wake, tumbo lake na mahali mkono wake unapofika. Uzuri usikuhangaishe, hapa utaukuta kila kona.

Panga kwanza usingizi wa mchana

Jua la Unguja ndilo linalopanga siku. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri mtoto mdogo hawezi kutembezwa akafurahi. Hata wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, hewa inapopoa, mtoto aliyezoea kulala mchana atalala tu, ama kitandani ama begani mwako. Kwa hiyo siku ya familia hapa hugawanyika mara tatu: asubuhi mapema nje, mchana ndani, alasiri hadi magharibi nje tena. Maana yake ni kwamba mtarudi nyumbani katikati ya siku, kila siku. Nyumba isiyorudika kwa urahisi saa sita mchana haifai, hata ikiwa na mandhari gani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mji ni mdogo. Eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 lina hekta 96 tu. Mtu mzima hutoka bustani ya Forodhani hadi soko la Darajani kwa takriban robo saa. Mtoto wa miaka mitatu atahitaji mara mbili ya muda huo, maana atasimama kwa kila paka. Basi pima kwa mwendo wake. Tafuta nyumba iliyo ndani ya dakika kumi za mtoto kutoka kwenye mambo matatu: mahali gari linapofika, mahali pa wazi pa kukimbia, na mahali pa kupata chakula chepesi.

Gari ni muhimu kwa sababu ya siku mbili, ya kuja na ya kuondoka, na kwa sababu ya usiku mmoja ambao huombi utokee, wa homa. Vichochoro vingi vya ndani havipitishi gari kabisa. Teksi itakuacha ukingoni, na kutoka hapo mizigo hubebwa na hamali au husukumwa kwa mkokoteni. Muulize mwenyeji teksi inasimama wapi hasa, kisha mnatembea muda gani. Kigari cha kusukuma mtoto kiache nyumbani: mawe ya njia hayako sawa, vizingiti vya milango ni virefu, na ngazi zitakufanya ukibebe kuliko kukisukuma. Mbeleko ya kanga itakufaa zaidi.

Mahali pa wazi papo, ila si katika kila mtaa. Forodhani, iliyokarabatiwa upya mwaka 2009, ina majani, vivuli na upepo wa bahari. Upande wa Vuga kuna viwanja vya Mnazi Mmoja. Shangani kuna uwanja wa Kelele wenye miti mikubwa. Forodhani ina tahadhari yake moja: jioni vijana hukimbia na kujitupa baharini kutoka ukutani, mchezo unaovutia mno macho ya mtoto wa miaka mitano. Ukingo uko wazi na maji ni ya kina yanapojaa. Hapo mshike mkono.

Mtaa kwa mtaa

Shangani na Forodhani ndiko kuliko na hoteli nyingi, na baadhi yake zina bwawa la kuogelea. Magari hufika karibu, Ngome Kongwe iko ng'ambo ya barabara tu, na mchanga wa pwani upo hatua chache. Bei ni ya juu kuliko mitaa mingine, na sehemu zenye baa hupiga muziki hadi usiku. Usichague Shangani kwa ajili ya kuogelea baharini. Pwani hiyo imejaa boti, na mifereji ya majitaka ya Mji Mkongwe humwaga baharini. Mchanga wake ni mzuri kwa mpira na kwa kuangalia jua likizama. Kuogelea kafanyeni kwenye bwawa, au siku moja nendeni kaskazini, Kendwa na Nungwi, ambako bahari haipwi mbali.

Vuga, upande wa Mnazi Mmoja, haitajwi sana na wageni, na kwa familia yenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja mimi huutaja mtaa huu wa kwanza. Barabara ni pana, gari hufika mlangoni, usiku hutulia, na Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani.

Malindi inakufaa ukifika kwa boti jioni au ukiondoka alfajiri, kwa sababu bandari iko hapo hapo. Kwa kukaa siku nyingi ina shughuli nyingi: malori, bandari, soko la samaki.

Kiponda, Hurumzi, Mkunazini na Sokomuhogo ndio moyo wa mji. Kivuli cha nyumba ndefu huvipoza vichochoro, majirani hukaa barazani, na mtoto wako atapata wenzake wa kucheza nao kabla hujamaliza kufungua mabegi. Bei nyingi ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba huko gari haliingii, ila vespa na baiskeli zinaingia, na hupinda kona bila onyo. Mitaa hii inawafaa zaidi watoto waliotimiza miaka mitano, wanaosikia wakiambiwa "ukutani!" na kujibana.

Darajani, ukingoni kwa mashariki, iko karibu na soko, maduka na daladala. Anayetaka kupika mwenyewe ataipenda. Anayetaka mtoto alale mpaka saa moja asubuhi hataipenda.

Kuna jibu jingine ambalo wazazi wengi huliona kama kushindwa, nalo sivyo: kufikia nje ya Mji Mkongwe. Mbweni, Mazizini na Bububu kuna nyumba za chini zenye ua, nyasi na maegesho, na mji uko mwendo mfupi wa gari. Mwenye watoto wawili walio chini ya miaka mitatu atapumzika zaidi huko, na mjini ataingia asubuhi na jioni akiwa na nguvu.

Nyumba ya mawe hupanda juu

Ardhi ilikuwa chache na familia kubwa, kwa hiyo nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwenda juu kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuna namna mbili kuu, na kila moja ina hatari yake kwa mtoto. Nyumba za Kiarabu huzunguka ua wa ndani, na kila ghorofa ina ushoroba unaotazama chini kwenye ua huo. Hapo chunguza ukingo wa ushoroba. Nyumba za Kihindi zilikuwa na duka chini na makazi juu, ngazi ikipanda moja kwa moja kutoka mtaani, na roshani ya mbao ikining'inia juu ya njia. Hapo chunguza mlango wa ngazi na vyuma au mbao za roshani.

Ngazi za zamani ni kali, vipandio havilingani urefu, na nyingi hazina pa kushikia. Usitegemee lifti. Nyumba hizi ziko chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe, na mwenye nyumba hawezi kubomoa na kujenga upya apendavyo. Kwa hiyo uliza mambo manne. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Ngazi ina pa kushikia? Ina taa usiku? Na je, kuna mlango au kizuizi juu yake kinachofungika? Kama hakuna kizuizi na mtoto wako anatambaa, omba chumba ambacho mlango wake haufungukii kwenye ngazi moja kwa moja.

Kwa madirisha, roshani na mapaa, kipimo cha kukumbuka ni sentimita 10. Uwazi wowote kati ya chuma na chuma, au kati ya ubao na ubao, ukizidi hapo mtoto mdogo anaweza kupenya. Huna haja ya rula. Ngumi yako inakaribia kipimo hicho, na ikipita kwa nafasi basi uwazi ni mkubwa mno. Angalia pia kama mbao zimepangwa kwa mlalo, maana hizo ni ngazi kwa mtoto anayependa kupanda. Kisha tazama kilicho chini ya dirisha: kiti, kasha au kitanda kilichosogezwa hapo kwa ajili ya upepo kisogezwe mbali kabla ya mtoto kukivumbua.

Paa la kunywea chai ni zawadi ya Mji Mkongwe, nami simnyimi mzazi yeyote. Ila paa lenye ukingo wa chini ya kifua cha mtoto wako linapaswa kuwa na mlango unaofungwa kwa komeo la juu. Mwenyeji akisema mlango wa paa huwa wazi siku zote kwa ajili ya wageni wengine, chukua chumba cha chini au tafuta nyumba nyingine.

Mwisho, tazama kuta. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka Desemba 2020 na watu wakafa. Nyumba nyingi za mji ni imara na zinatunzwa vizuri, lakini nyumba yenye ufa mpya, dari iliyobonyea au miti ya kuegemeza ukuta si mahali pa kulaza mtoto.

Chumba cha kulala

Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazizidi sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Samadari moja ikiingia, upana wote umekwisha. Mwenyeji akikuambia "kitanda cha mtoto kitatosha", muombe akuambie kitakaa wapi na kitabaki uwazi gani wa kupita. Kumbuka pia kwamba samadari ni ndefu kutoka chini, na mtoto wa miaka miwili akianguka usiku ataumia. Godoro la ziada sakafuni, lililofunikwa chandarua chake, ndilo jibu rahisi na salama. Omba mapema, na ulizia kama lina malipo.

Ghorofa ipi? Chini kuna ubaridi, lakini kuta za chokaa zinazovuta maji ya ardhini huwa na unyevunyevu na ukungu. Mtoto mwenye pumu atakohoa usiku wa kwanza. Juu kabisa kuna upepo, lakini chumba kilicho chini ya bati huchemka mchana, saa ile ile ya usingizi. Ghorofa ya kwanza ndiyo nzuri kwa familia: unyevu ni kidogo, joto ni la wastani, na vipandio havijawa vingi. Mtoto akiwa na pumu, uliza kama chumba kina harufu ya ukungu na kama dirisha linafunguka kweli, maana mengine yamepigwa misumari.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na kukatika hutokea. Pangaboi likisimama usiku wa Januari, mtoto huamka ndani ya dakika chache. Uliza kama kuna jenereta au betri, na kama vinaendesha pangaboi za vyumbani au taa za mapokezi peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa.

Kuhusu mbu, malaria imeshuka sana Zanzibar, lakini haijaisha, na chandarua bado ni cha lazima. Uliza kama chandarua kinafika chini na kuchomekwa kwenye godoro, na kama hakina matundu. Juu ya hapo, mbu wa dengi huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dawa ya kupaka na nguo nyepesi za mikono mirefu zitasaidia. Dawa zenye DEET hazipakwi mtoto aliye chini ya miezi miwili. Huyo mkinge kwa chandarua cha kufunika kitanda au mbeleko yake.

Maji, choo na jiko

Maji huja kwa mgao katika baadhi ya mitaa, na nyumba nzuri huwa na simtanki juu na pampu. Uliza kama maji yanatoka saa zote na kama umeme ukikatika bado yanashuka. Uliza kama kuna ndoo na kopo bafuni, hata kama kuna bomba la mvua: hakuna njia bora ya kumwogesha mtoto anayeogopa maji ya juu. Sakafu za bafu za kale zinateleza, na wakati mwingine bafu lina kidaraja cha kushuka gizani. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, na hayo hayo ndiyo ya kukorogea maziwa ya mtoto na kusukutulia mswaki.

Uchague nyumba yenye jiko au hoteli? Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ningechukua jiko, hata liwe dogo. Birika la umeme, sufuria moja na friji vinatosha kwa uji, mayai na kuhifadhi maziwa. Darajani utapata ndizi, maembe, viazi na samaki wa asubuhi. Boflo na maandazi vinauzwa kila mtaa. Kwa hoteli, uliza kifungua kinywa kinaanza saa ngapi. Mtoto anayeamka saa kumi na mbili hawezi kusubiri meza inayofunguliwa saa mbili kasoro.

Jioni mtakula Forodhani, na ni haki yenu. Muda wa magharibi wauzaji hupanga meza zao za samaki, mishkaki, urojo na juisi ya miwa. Kwa watoto nunua kilichopikwa mbele ya macho yako na kinachotoka moshi, uache kilichokaa mezani kwa saa kadhaa. Beba paketi za ORS kutoka nyumbani; tumbo la mtoto likichafuka, zitakuwa karibu kuliko duka.

Sauti na majira

Misikiti ni mingi na iko karibu na nyumba, na adhana ya alfajiri itasikika kila chumba. Watoto wengi huizoea upesi kuliko wazazi. Mtoto mwenye usingizi mwepesi mtafutie chumba kinachotazama ua wa ndani, si mtaani. Uliza pia nini kiko chini ya nyumba na ng'ambo ya njia: duka la seremala, mgahawa, baa au jenereta ya jirani. Mwezi Februari, tamasha la Sauti za Busara hujaza Ngome Kongwe hadi usiku mwingi. Wapenda muziki wafikie karibu. Wenye mtoto mchanga wakae Vuga au mbali zaidi siku hizo.

Mwezi wa Ramadhani una uzuri wake: usiku mji huwa hai, na futari hupita nyumba hadi nyumba. Lakini mchana migahawa mingi hufungwa, na kula barabarani ni kuwakosea adabu wenyeji, ingawa mtoto mdogo hafungi. Mwezi huo nyumba yenye jiko si anasa tena. Kwa kuwa Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, angalia kalenda kabla ya kukata tiketi.

Masika, kati ya Machi na Mei, bei hushuka sana, vichochoro hujaa maji, na baadhi ya hoteli hufungwa kwa matengenezo. Mwisho wa Desemba bei hupanda na vyumba vya familia ndivyo vinavyoisha kwanza. Miezi ya kusi ina hewa nzuri kuliko yote, ila bahari huchafuka. Mkitoka Dar es Salaam kwa boti, safari ni ya takriban saa mbili. Chagua boti ya asubuhi, mkae chini na katikati, na watoto wale kidogo tu kabla.

Bei na malipo

Bei ya chumba haijawa bei mpaka ujue mambo yaliyo ndani yake. Uliza umri ambao mtoto hulala bure, malipo ya godoro la ziada, kama kifungua kinywa cha watoto kimo, na kama kodi na tozo ya miundombinu, inayotozwa kwa kila mgeni kwa kila usiku, zimeshajumlishwa. Baadhi ya hoteli zina bei ya wakaazi kwa Watanzania na wana Afrika Mashariki, ambayo haitangazwi. Iulizie bila haya. Beba vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa ajili ya safari na pia kwa kuthibitisha umri.

Usitume fedha kwa namba ya simu kwa sababu ya picha nzuri peke yake. Uliza kama nyumba ina leseni ya Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, omba video fupi iliyopigwa siku hiyo kutoka mlango wa mtaani hadi chumbani, na lipa amana ndogo kwanza. Masharti ya kuahirisha yaandikwe. Watoto huugua usiku wa kuamkia safari.

Ujumbe unaoweza kutuma ni kama huu:

"Assalamu alaykum. Tunatarajia kuja Unguja watu wazima wawili na watoto wawili, mmoja miaka mitano na mwingine mwaka mmoja na miezi mitatu. Kabla ya kulipa tunaomba utusaidie haya. Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na ngazi ina pa kushikia? Madirisha yana vyuma? Mlango wa paa unafungwa? Teksi inasimama wapi, na tutatembea dakika ngapi? Umeme ukikatika, pangaboi la chumbani linaendelea? Maji yanatoka saa zote? Tunaweza kuwekewa godoro moja sakafuni na chandarua chake? Tutashukuru ukituonyesha ngazi na dirisha kwa video. Ahsante sana."

Nusu saa ya kwanza

Fikeni mchana, ili muone njia na nyumba kwa mwanga. Mmoja wenu akae na watoto barazani, mwingine akague. Jaribu kila dirisha na komeo. Fungua bomba. Shusha chandarua. Sogeza viti vyote mbali na madirisha. Ondoa dawa ya mbu ya kuchoma, kiberiti na waya wa birika mahali mkono wa mtoto unapofika. Kisha wapandishe na kuwashusha watoto ngazi mara kadhaa, polepole, mkiwafundisha kushuka kwa makalio au kwa kushika ukuta. Ifanye mchezo, na muirudie kila asubuhi.

Mwulize mwenyeji duka la dawa la karibu na jinsi ya kupata teksi usiku wa manane, uandike namba. Mfundishe mtoto mkubwa jina la mtaa na alama moja ya nyumba, kwa mfano rangi ya mlango. Mji huu huwapoteza hata wakubwa, na jirani yeyote atamrudisha mtoto anayejua kusema anakaa wapi. Ukikuta chumba sicho ulichoahidiwa, sema saa hiyo hiyo kwa upole na uombe kubadilishiwa. Kesho yake mabegi yatakuwa yamefunguliwa na utavumilia kisichovumilika.

Lamu, Mombasa na kwingineko pwani

Vipimo hivi vinafaa popote penye nyumba za mawe na vichochoro. Lamu, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, haina magari vichochoroni. Hapo badala ya vespa utakwepa punda, na utafika kwa boti kutoka Mokowe au Manda, kwa hiyo uliza mapema kama boti ina jaketi za kuokolea za saizi ya mtoto. Mji wa Kale wa Mombasa unafikika kwa gari na tuktuk mpaka karibu na Fort Jesus, lakini mahali pa kulala ndani yake ni pachache, na familia nyingi hufikia Nyali au kwingine na kuingia mjini kwa mchana.

Popote utakapokwenda, yapime majibu ya mwenyeji kabla hujayapima mapambo ya nyumba. Yupo atakayekujibu "msiwe na wasiwasi, watoto wanapenda sana hapa", na hajajibu swali hata moja. Yupo atakayekuambia kwamba dirisha la pili halina vyuma, kwamba ngazi ni kali, na kwamba amezungumza na fundi aweke kizuizi kabla hamjafika. Huyo wa pili ameiangalia nyumba yake kwa macho ya mzazi, na ndiye utakayemgongea mlango saa nane za usiku mtoto akipata homa. Mpe yeye fedha yako, hata kama paa lake halioni bahari.